Kabla Hujaketi Kwenye Lori la Stefano

Changamwe, Jumamosi alasiri

Daudi mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na hatukusemezana. Saa hii uko Rabai kwa hawe wako, na namjua mamangu, hatakuachia mpaka kuku achinjwe. Kesho utapandia gari Mazeras. Mamako atakuletea sanduku huko, na barua hii itakuwa ndani, chini ya shati lako la kanisani. Usiisome mbele yake. Ngoja gari la moshi liondoke, ukae, uvue viatu, ndipo usome. Mimi sitakuja kukuaga. Kesho niko zamu getini, na hata nisingekuwa zamu sijui kama ningekuja.

Mambo ya kula na kulala, na watu wa kuwaepuka huko Nairobi, sitayataja. Mamako ameyasema wiki nzima na wewe umeitikia "naam, mama" mpaka sauti imekukauka. Mimi nataka kukueleza juu ya mtihani wa gari, na juu ya mtu atakayekungoja ukishuka Nairobi, ambaye wewe humwita baba mdogo.

Alhamisi kule kilimani ulinambia neno. Najua unalikumbuka, kwa kuwa tangu siku ile hunitazami usoni.

Tulikuwa na lori la fundi Omari. Kwenye tambarare ya njia ya uwanja wa ndege ulikuwa umeshakuwa dereva kamili. Gia zinaingia bila kulia, klachi unaikanyaga mara mbili kama nilivyokufunza, na mkono wako unatoka dirishani kabla hujakata kona. Nilifurahi, ijapokuwa sikukwambia. Kisha tukaja kwenye kilima. Nikakwambia simama hapa katikati, vuta henbreki, toa miguu, halafu uanze tena bila kurudi nyuma. Mtambo ukazimika. Ukawasha, ukajaribu, ukazimika tena. Na mkono wangu ulikuwa umeishika henbreki wakati wote, juu ya mkono wako.

"Baba, toa mkono."

"Endesha."

"Nitaendesha vipi na wewe umeing'ang'ania? Toa mkono, baba."

"Shuka!" nikakwambia. "Shuka kwenye gari la watu kabla hujaua mtu!"

Hukushuka. Ulikaa vilevile, macho mbele, ukasema polepole kama mtu aliyekuwa na neno hilo siku nyingi: "Wewe uliuogopa mtihani huu siku moja, ukaukimbia mpaka leo. Sasa wataka na mimi niuogope."

Nikashuka mimi. Nikaanza kupanda kilima kwa miguu, na nyuma yangu nikasikia unawasha. Lori halikurudi nyuma hata kidogo. Ulikipanda kilima kile vizuri kuliko nilivyopata kukipanda mimi, ukanipita nikiwa pembeni kwenye majani, na hukusimama. Ulifanya vyema usisimame.

Sikukujibu kwa sababu ulilolisema ndilo watu wote wa Changamwe wanalolijua. Zakaria aliogopa mtihani. Zakaria alimvunja mtu mguu akakimbia magari. Hata mamako kwa muda alijua hivyo hivyo. Leo nitakujibu, na utanisamehe nikienda mbali kidogo.

Stefano, huyo baba mdogo wako, wewe umemjua akiwa na kofia na saa ya mkononi. Mimi nilimjua akiwa na chawa. Tuliandikishwa jeshini siku moja, tukafunzwa gari pamoja, tukapelekwa Uhabeshi pamoja. Tulilala chini ya lori moja na mvua ikitunyeshea miguu. Nilipougua malaria, ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko, na nilipotapika alinipangusa kwa shati lake mwenyewe, na shati lenyewe hakuwa na jingine. Nakuandikia haya usije ukadhani nakueleza habari za mtu mbaya. Lau angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshamsahau, nami ningelala vizuri.

Vita vilipokwisha tulirudi, tukaziweka akiba zetu pamoja, tukanunua lori moja lililokuwa la jeshi. Unalikumbuka. Wewe ndiye uliyepaka rangi mlango wa kushoto, ukajipaka na nywele. Mtaani waliliita lori la Zaka na Stefa, na mamako alikuwa akitoka nje kila likipita, hata kama amekanda unga na mikono yake myeupe.

Lakini karatasi za udereva za jeshi hazikukubaliwa huku uraiani. Tulikuwa tumeendesha kwenye milima isiyo na barabara, bila taa, na sasa tunaambiwa tukafanye mtihani kama watoto wa shule. Tuliudhika, halafu tukacheka, halafu tukajitayarisha. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda njia ya Port Reitz, mmoja akishika usukani na mwenzake akijifanya mkaguzi. Stefano alikuwa akiisahau alama ya kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa nikisahau kutazama nyuma kabla ya kurudisha gari. Akinikamata ananipiga kofi la shingo. Nikimkamata namwita kuruti. Sijapata kuwa na Jumapili nzuri kama zile, wala sidhani nitazipata tena.

Siku ya mtihani tulikwenda na lori letu. Mkaguzi alikuwa mtu wa polisi, mrefu, si mkali, anayesema Kiswahili kifupi kifupi. Aliamua kutujaribu upande huu wa bara, kwenye barabara inayotoka Makupa kupanda Changamwe. Stefano akaanza. Mimi niliachwa chini ya kilima pamoja na hendeli ya kuwashia na kopo la maji. Niliwaona wakipanda, wakasimama katikati, wakatulia, wakaondoka tena, wakapotea juu. Wakarudi. Stefano akateremka, jasho linamtiririka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nimepata, Zaka! Nimepata!"

Nikamkumbatia. Nikamuuliza kama dereva yeyote anavyomuuliza mwenzake anapopokea gari: "Liko sawa?"

"Liko sawa," akasema. "Endesha tu."

Nikaingia. Sasa sikiliza, Daudi. Kila dereva akiingia kwenye gari huijaribu henbreki kabla hajaondoka, hata liwe lake mwenyewe, hata awe ameliacha saa hiyo hiyo. Jeshini mimi ndiye niliyekuwa nikiwafunza wageni jambo hilo. Siku ile sikuijaribu. Kiti kilikuwa bado na joto la Stefano, na mtu aliyekupangusa matapishi yako huwezi kumjaribu kwa kuvuta henbreki. Ndivyo nilivyoona.

Katikati ya kilima mkaguzi akasema simama. Nikatazama kwenye kioo, hapakuwa na mtu. Nikasimama. Vuta henbreki. Nikavuta, nikayasikia meno yake yakiuma. Toa miguu yote. Nikatoa. Lori likatulia, na mkaguzi akaanza kuandika kitu kwenye karatasi yake. Nilikuwa ndiyo kwanza naurudisha mguu kwenye klachi nitie gia, nikasikia kitu kinaachia chini ya miguu yangu, na lori likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, na lori likasimama, lakini lilikuwa limeshakwenda. Nyuma yetu kulikuwa na mzee na mkokoteni wake wa maji. Alikuwa amefika muda huo huo, akauegesha nyuma ya lori apumue kidogo. Nilipofika nyuma, mkokoteni ulikuwa umelala ubavu, pipa limepinduka, maji yanateremka barabarani, na mzee ameketi ndani ya maji yale akiutazama mguu wake. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mimi.

Walipokwisha kumchukua, mkaguzi aliliendesha lori mwenyewe mpaka pahali pa tambarare. Akavuta henbreki, akatuambia mimi na Stefano tulisukume. Tukalisukuma, likagoma.

"Henbreki nzima," akasema. "Wewe hukuvuta."

"Bwana, niliivuta."

"Hukuvuta."

Nikamgeukia Stefano. Alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni, akiitazama ardhi. Nilidhani anaona haya kwa ajili yangu, nikamhurumia.

Yule mzee ni Mzee Hamisi wa Jomvu Kuu, ambaye ulikuwa ukiniona nikimwendea na wewe hujui kwa nini. Walimkata mguu chini ya goti. Hakunishtaki. Alisema mbele ya polisi kwamba na yeye alikosea kuegesha nyuma ya gari kwenye mteremko. Alipotoka hospitali nilikuwa nikimwendea kwa ile njia ya miguu kando ya mikoko, kila nilipopata nafasi, nikimkuta kibarazani kwa dadake. Nikamwomba msamaha. Nilimwambia hivi: "Mzee Hamisi, nisamehe, sikuivuta henbreki." Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeambiwa sana, na mtaa wote umeshaambiwa, mpaka mkono wangu mwenyewe ukasahau ulichofanya. Nilikuwa naamka asubuhi, naunyoosha mkono huu hewani na kuvuta, kisha najiuliza: ulivuta au hukuvuta?

Na Stefano alikuwa akifuatana nami Jomvu. Alimchukulia mzee mikate na sukari. Aliwahi kuketi chini na kumfungua bendeji akaifunga upya, kwa upole, kama alivyonifanyia mimi Uhabeshi. Tukiwa njiani kurudi nilimshukuru. Nilimwambia, Stefano, mtu mwingine angeniacha nibebe hili peke yangu. Akatangulia mbele yangu njiani. Nikafikiri ni unyenyekevu.

Lori tukaliandikisha kwa jina lake, kwa kuwa leseni ilikuwa yake. Mimi nikawa nakaa kushoto. Napakia, nashusha, nafunga kamba, naweka maji. Nilijiambia nikitulia moyo nitarudia mtihani. Stefano alisema, "Hakuna haraka, Zaka, lori ni letu." Tukaendelea hivyo kwa miezi.

Siku moja tulikuwa tunatoka Kisauni na shehena ya nazi kuja kisiwani. Palikuwa na msururu wa magari kwenye mteremko wa kuingilia lile daraja la Nyali linaloelea. Tukasimama. Stefano akatoa kisu, akaanza kumenya chungwa, akasema bila kunitazama, kama mtu anayeomba kiberiti:

"Shuka uweke jiwe, Zaka. Henbreki hii haikai penye mteremko. Inashika kidogo halafu inaachia."

"Tangu lini?"

"Aa, zamani. Hata siku ile ya mtihani ilibidi niibie kwa breki ya mguu, mkaguzi asi—"

Hakumaliza. Alijisikia mwenyewe. Chungwa likabaki mkononi, ganda linaning'inia.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Zaka."

"Nilikuuliza liko sawa, ukaniambia endesha tu."

"Nisikilize. Ningesema pale, mkaguzi anasikia, angetuangusha sote wawili na lori angelizuia. Tungekula nini? Nilisema moyoni, apate mmoja kwanza. Nikajua wewe u dereva kuliko mimi, utaihisi, utaishika kwa mguu kama mimi."

"Na Mzee Hamisi?"

"Mzee Hamisi sikumwona. Nani alimwona?"

"Na baadaye? Tulipolisukuma? Nilipokuwa nikimlilia mzee wa watu nisamehe?"

Akaniangalia, macho yamejaa machozi. Sikuwahi kumwona akilia hata vitani. "Kila siku nilitaka kukwambia," akasema. "Kila siku ilizidi kuwa vigumu kuliko jana yake."

Nikateremka. Nikatafuta jiwe zuri, nikaliweka nyuma—la, mbele ya gurudumu, kwa kuwa tulikuwa tunateremka—nikaligonga kwa kisigino mpaka likakaa. Palikuwa na watu mbele yetu wanavuka kwa miguu, na akina mama na vikapu. Kisha nikaondoka. Nilivuka daraja kwa miguu, nikapita kisiwani chote, nikavuka Makupa, nikapanda kilima kile kile, nikafika nyumbani giza limeingia. Mamako aliniuliza lori liko wapi. Nikamwambia tumeachana na Stefano. Hakupata neno jingine kwangu kwa muda mrefu.

Siku ya pili nilikwenda Jomvu. Nilitaka kumwambia Mzee Hamisi kwamba niliivuta, kwamba si mimi. Nilikwenda mbio kama mtoto aliyepata zawadi. "Shikamoo, mzee," nikaketi, nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza huku anasokota kamba ya makumbi. Nilipomaliza akaikata ncha kwa meno.

"Sasa wanitaka nimchukie yule anayeniletea sukari?" akasema. "Mimi nishakuzoea wewe, Zakaria. Nilikuchukia, kisha nikakusamehe, na wallahi ilikuwa kazi. Leo waniletea mtu mwingine nianze upya. Sina nguvu hizo."

Nilirudi na ukweli wangu mkononi. Kumbe hakuna aliyekuwa na haja nao.

Sasa nakuja kwenye makosa yangu, nayo si yale uliyoyasema kilimani.

Nilisusa. Lile lori nusu lilikuwa langu na nililiacha. Stefano alikuja hapa nyumbani akitaka tugawane, nami nilimfungia mlango. Mamako aliniambia, "Kasirika, lakini chukua kilicho chako, tuna watoto." Nikamwambia sitaki kitu kilichopita mikononi mwake. Nilijiona mwanamume. Mwaka ule ule ulitoka shule, na mwalimu wako alikuja mpaka hapa mlangoni kuniambia unaweza kuendelea ukipata wa kukushika mkono. Ulikuwa umesimama nyuma ya pazia. Niliiona miguu yako. Nikamwambia mwalimu hatuna uwezo. Sikumwambia kwamba uwezo ulikuwa unapita barabarani kila siku na mlango mmoja umepakwa rangi na wewe.

Na mtihani nao niliususa. Niliona kwamba nikiurudia nitakuwa nimekubali kuwa mara ya kwanza nilikosa. Basi nikakaa nikingoja mtu aje aniambie, Zakaria, hukukosa. Nani angekuja? Mkaguzi alihamishwa. Stefano alihamia Nairobi. Leo mimi ni mtu wa kufungua geti kwenye bohari la mafuta. Magari ya watu yanaingia, nanyanyua mti. Yanatoka, naushusha. Madereva wengine ni vijana niliowafunza jeshini. Wananipigia honi kwa heshima, na honi zile huniingia mwilini mpaka jioni.

Na nilinyamaza. Hili ndilo linaloniuma zaidi leo. Nilipendelea mseme baba hana bahati, au baba ni mwoga, kuliko mseme baba alidanganywa na rafiki yake kama mtoto mdogo. Nikanyamaza mpaka mwanangu mwenyewe akanijua kwa habari za uongo, akanirushia usoni kilimani, na hakuwa na kosa.

Krismasi iliyopita Stefano aliingia hapa na kofia yake, mkashangilia, mamako akampikia wali wa nazi. Akasema, "Zaka, nipe huyu kijana. Nina malori mawili sasa. Nitamfanyisha mtihani kule kule, akipata ninampa moja aendeshe." Nikasema sitaki. Mkanitazama wote, wewe na mamako, kama mnaotazama mtu anayemnyima mwanawe chakula. Ukweli ulinifika kwenye ulimi nikaumeza na wali. Stefano peke yake ndiye aliyejua kwa nini nakataa, na yeye aliinamisha kichwa juu ya sahani yake mpaka alipomaliza kula.

Usiku ule mamako alinibana mpaka nikamweleza. Nilidhani atasema Daudi asiende. Yeye akasema, "Ulivyomnyima shule kwa sababu ya mtu huyo, usimnyime na kazi." Ndiyo maana nilikubali. Ndiyo maana nilimwendea fundi Omari kumwazima lori lake, na ndiyo maana nilikufunza kila nilichokijua, kwa ukali, nikimwona Stefano ameketi kila mahali ulipoketi wewe.

Sikukatazi kwenda. Nataka ulijue hilo. Atakupokea vizuri. Atakulisha kabla hajala yeye, na ukiugua atakesha kando yako, hayo nakuapia. Anataka kunilipa mimi kupitia wewe. Mimi sitaki kulipwa, lakini wewe unahitaji kazi, na hapa ungebaki kuwa kibarua bandarini kwa sababu ya kiburi cha babako. Kula chakula chake. Mwamkie kama mkubwa wako. Usimwambie kwamba unajua, wala usijifanye hujui. Akikuuliza habari zangu mwambie nipo. Kama atataka kukueleza mwenyewe siku moja mkiwa njiani, mwache aeleze mpaka mwisho, usimkatize. Huenda akayasema kwa namna nyingine. Msikilize tu. Na sijakwambia umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe, na nikienda kanisani pale penye sala ya kusamehe waliotukosea, mdomo wangu hufunguka na sauti haitoki. Mchungaji hajui, maana nasimama nyuma.

Kuhusu mtihani sina jipya la kukufunza. Kilima umeshakiweza, na ulikiweza nilipotoa mkono wangu, nami nimelielewa hilo. Gari utakalofanyia mtihani ni la Stefano. Lijaribu kama gari la mtu usiyemjua. Ingia, vuta henbreki, kisha lijaribu tena penye mteremko kabla mkaguzi hajafika. Mtu akikucheka mwache acheke. Ingekuwa ni mimi nimekupa lile gari, ungelijaribu vile vile. Kumwamini mtu na kuijaribu henbreki yake ni mambo mawili, na mimi niliyachanganya.

Sasa lililo kubwa. Utafaulu, Daudi, najua. Mkaguzi atakwambia umepata, na moyo utakwenda mbio, na utafungua mlango ushuke ukiwa na furaha ambayo hujapata kuwa nayo. Pale chini patakuwa na kijana mwingine anangoja zamu yake kwenye gari lile lile. Huenda humjui. Atakuuliza kama liko sawa, kwa sababu kila mtu huuliza. Kama kuna kitu ulikihisi chini ya miguu yako, hata kidogo, hata kama hukukihisi ila mara moja, mwambie. Mwambie kwa sauti, na mkaguzi yupo. Mwambie hata kama mkaguzi atageuka na kusema basi na wewe hujapata.

Na kama atakunyima leseni kwa sababu hiyo, na Stefano akakasirika, na kazi ikapotea, usikae Nairobi ukiona haya. Panda gari la moshi urudi. Tuma neno tu unakuja siku gani. Nitaomba ruhusa getini, na wasiponipa nitaliacha geti lao wazi. Utanikuta nimesimama hapa stesheni ya Changamwe, nitakupokea sanduku, na sitakuuliza kitu.

Ni mimi babako,
Zakaria